Pima Mbegu za Miti Kabla ya Kujaza Viriba

Mvua inapokaribia, vikundi vya kina mama, vijana na shule katika kaunti yetu huandaa vitalu vya miche. Kazi ni nyingi: kuchanganya udongo, kujaza viriba, kuteka maji. Lakini mbegu zikiwa zimekufa, mwenye kitalu hugundua wiki kadhaa baadaye, na mvua haimngoji. Kupima mbegu mapema huokoa pesa na msimu.

Mbegu ina uhai, na uhai huo huisha. Mbegu za mwarobaini hupoteza uwezo wa kuota wiki chache tu baada ya kuvunwa. Za mgunga, zenye ganda gumu, huweza kukaa miaka. Kwa hivyo unaponunua, uliza kwanza: zilivunwa lini?

Njia ya haraka ni kupasua. Changanya mbegu vizuri, chota chache bila kuchagua, kisha uzikate katikati. Kiini kilichojaa na kuwa kigumu ni dalili njema. Kilichosinyaa, kuoza au kutobolewa na wadudu hakitaota.

Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha. Hesabu mbegu 100, uzipande kwenye mchanga safi, kivulini, na uuweke mchanga ukiwa na unyevu bila kutuamisha maji. Andika zinazoota kila siku hadi zikome. Kwa mwarobaini, wiki tatu hutosha.

Tahadhari: mbegu isiyoota si lazima iwe imekufa. Maji huenda hayapenyi ganda la mgunga. Kabla ya kuzipima, zimwagie maji yaliyochemka na kuepuliwa motoni, uziache humo hadi asubuhi.

Matokeo yatakuongoza kwenye hesabu. Mbegu 60 zikiota kati ya 100, na unahitaji miche 1,000, panda mbegu zipatazo 1,670, pamoja na za akiba kwa miche itakayokufa kitaluni. Zikiota 10 pekee, tafuta mbegu nyingine mapema.

Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, ina kituo Gede, kaunti ya Kilifi. Wakaazi wanaweza kupata ushauri wa mbegu huko, au kumwona afisa wa misitu aliye karibu nao. Nendeni na mbegu zenu kabla ya kujaza viriba.