Figo hazilii: wenye sukari na presha, ulizeni kipimo cha mkojo

Jino likiuma mtu halali. Figo si hivyo. Zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake na mwenyewe akaendelea na biashara yake bila kuhisi lolote. Miguu inapovimba na chakula kikawa hakishuki, mara nyingi maradhi yamekwisha kwenda mbali, na kinachobaki ni mashine ya kusafisha damu kila wiki au kupandikizwa figo.

Walio katika hatari zaidi ni wenye sukari na presha, na hao tunao majumbani mwetu.

Kuna vipimo viwili vya kuyagundua mapema. Cha kwanza ni cha damu, kinachoangalia kreatinini, yaani taka itokayo kwenye misuli. Kwa kiwango hicho, pamoja na umri na jinsia, daktari hukadiria kasi ya figo kuchuja damu. Ikiwa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi, hayo ni maradhi sugu ya figo. Chini ya 15, figo zimefeli.

Cha pili ni cha mkojo. Hutafuta albumini, protini ambayo figo nzima hairuhusu ipite kwa wingi. Kipimo hiki huweza kufichua dosari wakati kile cha damu bado kinasoma vizuri. Ndiyo maana kuambiwa "damu yako iko sawa" hakutoshi.

Na kwa nini tujue mapema? Kwa sababu tiba imesonga mbele. Kwa miaka mingi tegemeo lilikuwa dawa za presha kama losartan na kudhibiti sukari. Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya utafiti wa DAPA-CKD, uliohusisha wagonjwa 4,304 katika nchi 21. Nusu walipewa dapagliflozin, tembe iliyoanza kama dawa ya sukari, na nusu tembe isiyo na dawa. Waliodhoofika figo vibaya, zikafeli, au wakafariki kwa figo au moyo walikuwa 312 upande wa tembe tupu, na 197 upande wa dawa. Hata wasiokuwa na sukari walifaidika.

Tusidanganyane, dawa hii haiponyi. Hupunguza kasi tu. Sehemu ya figo iliyokufa hairudi. Pia ina madhara yake, yakiwemo fangasi sehemu za siri, kwa hivyo si ya kununua kwa kusikia jirani kasema. Anayeitumia na anataka kufunga Ramadhani amuone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Basi ukienda kliniki, usiridhike na kupimwa sukari na presha peke yake. Uliza: je, mkojo wangu umepimwa protini mwaka huu? Na zile tembe za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, zinazomezwa kila siku kama peremende, mwambie daktari ukweli, kwani nazo huumiza figo.

Afya ni amana, na amana hutunzwa ingali mkononi.