Kubadili rangi ya taa za dashibodi: pesa iende wapi

Corolla za miaka ya 1990 bado ni nyingi barabarani kwetu, na usiku utazikuta zinafanana: namba za kijani kilichofifia, spidomita inasomeka nusu, geji ya mafuta iko gizani kabisa. Mwenye gari akichoka kukisia kilichobaki kwenye tangi anakwenda kwa fundi umeme, na akishafika hapo hataki tena balbu ya kawaida. Anataka bluu, au nyekundu kama aliyoiona kwenye Subaru ya jirani. Ni haki yake. Dereva anayekesha usukanini kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma anastahili kutazama kitu kinachompendeza. Ninachotaka aelewe kabla hajafungua pochi ni kwamba rangi ndiyo sehemu nafuu ya kazi hii. Pesa huliwa na kazi ya kufungua na kurudisha, na macho huumizwa na mwanga ambao huwezi kuupunguza.

Swali la kwanza kwa fundi lisiwe bei. Muulize rangi iliyopo sasa inatoka wapi. Katika dashibodi nyingi za zamani balbu yenyewe haina rangi. Ni kioo kitupu chenye waya ndani. Kijani hutoka kwenye kofia ndogo ya mpira iliyovishwa balbu, au hutoka kwenye rangi iliyopakwa nyuma ya bamba la geji, pale zilipo namba. Kama ni kofia, ukiivua tu umeshabadili rangi bila kununua kitu; utapata mwanga mweupe wenye unjano. Kama ni rangi ya nyuma ya bamba, hilo ni chujio, na chujio la kijani halipitishi rangi nyingine. Weka balbu nyekundu nyuma yake na namba zitakuwa hafifu kuliko ulivyozikuta. Weka LED nyeupe na utapata kijani kikali zaidi, kinachoelekea bluu. Hapa ndipo watu wawili wananunua balbu za aina moja kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, mmoja akaondoka anafurahi na mwingine akarudi kulalamika kwamba kauziwa mbovu. Balbu hazina kosa. Mabamba yao ndiyo yaliyotofautiana.

Ukiacha hiyo ya kuvua kofia, njia ya bei ya chini kuliko zote ni kuipaka balbu rangi, mara nyingi rangi ya kucha, au kuifunga plastiki ya rangi. Siiungi mkono. Balbu kubwa ya dashibodi, ile ya T10, hula hadi wati 5, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto. Rangi itababuka, plastiki itajikunja, na utalipia tena kufungua dashibodi ileile.

Kwa magari yenye balbu za kuchomeka, chaguo ninalolipendekeza kwa watu wengi ni balbu za LED za saizi zilezile. T10 ni zile kubwa za kumulika namba. T5 ni zile ndogo, aghalabu za wati 1.2, zinazotumika kwenye alama za tahadhari na katika baadhi ya magari kwenye mwanga wa geji pia. Fundi akitoa moja ya kila aina akakuonyesha, utajua unanunua nini na ngapi. Fanya hesabu yako namna hii, na tarakimu hizi ni za mfano tu: balbu tano kwa shilingi 3,000 kila moja ni 15,000, na ufundi ukiwa 30,000, jumla ni 45,000. Sasa chukua balbu za bei mara mbili. Jumla inakuwa 60,000. Yaani umepata balbu za bei maradufu kwa kuongeza theluthi moja tu ya gharama, kwa sababu ufundi haukubadilika. Kubana pesa kwenye balbu ni kuwekeza kwenye safari ya pili kwa fundi, maana LED dhaifu huanza kupepesa au kufa mojamoja, na ufundi utaulipa upya.

Ubora nao una dalili zake. Balbu ya kawaida humwaga mwanga pande zote, lakini LED yenye jicho moja mbele hutupa mwanga sehemu moja, kwa hiyo namba 60 itang'aa na 120 itakuwa na kivuli. Tafuta yenye macho ya pembeni pia. LED ina chanya na hasi; isipowaka, igeuzwe kwenye soketi yake kabla hujaambiwa imeungua. Na kuna lile jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kupunguza mwanga. Gari lenye kigurudumu cha kufifisha taa za dashibodi lilipangwa kwa balbu za waya. Ukiweka LED, baadhi hufifia vizuri, nyingine hubaki kali mpaka karibu na mwisho halafu huzimika ghafla. Dai zijaribiwe kabla dashibodi haijafungwa skrubu zote.

Magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea yana kazi nyingine kabisa. Ndani hakuna balbu za kuchomeka. Kuna LED ndogo zilizolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, aina ya 3528 kwa mfano, yenye milimita 3.5 kwa 2.8. Kipande chenyewe ni cha bei ndogo sana. Unacholipia ni mkono uliotulia, koleo nyembamba, na mtu anayejua kutoa mishale bila kuivunja. Mshale wa spidomita ukirudishwa ukiwa umepinda kidogo, gari litakudanganya mwendo, na unaweza usijue mpaka siku unaposimamishwa na trafiki mwenye tochi. Fundi makini hupiga picha mishale yote kabla ya kuigusa, na baadaye hulinganisha spidomita na mwendo wa GPS ya simu. Asiyefanya hivyo, chukua gari lako. Kwa kundi hili la magari, kama rangi ya sasa inasomeka vizuri, mimi ningeiacha.

Mabamba mapya yenye namba zinazong'aa zenyewe huuzwa pia. Yale membamba ya kizamani huhitaji kifaa cha kupandisha umeme wa betri hadi zaidi ya volti 100, huweza kutoa mlio mwembamba usiku, na mwanga wake hupungua kadiri yanavyotumika. Kubadili dashibodi nzima kwa mtumba, mfano kuweka ile ya Optitron, dashibodi ya Toyota inayong'aa yenyewe, kutoka gari lenye vifaa zaidi, huleta sura nzuri kuliko zote. Lakini plagi zinaweza zisilingane, na kilometa zitakazosomeka zinaweza kuwa za gari lile lingine. Siku ya kuuza utakuwa na maelezo marefu ya kutoa, kwa hiyo andika kilometa za siku ya kubadili na utunze risiti.

Tukija kwenye rangi yenyewe, hapa nina msimamo. Jicho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na seli zinazotusaidia kuona gizani husisimka zaidi kwa mwanga wa bluu-kijani, kidogo sana kwa mwekundu. Bluu kali mbele ya uso wako hula uwezo huo dakika hadi dakika, na kwa macho ya umri mkubwa hutawanyika na kufanya namba zionekane zina ukungu. BMW ilikaa miaka mingi na rangi ya chungwa, Audi na nyekundu. Kwenye barabara isiyo na taa, yenye baiskeli na watembea kwa miguu kandokando, ningechagua chungwa au nyeupe yenye unjano, na ningeififisha hadi itoshe tu kusomeka. Nyekundu ni njema kwa giza, ila namba nyembamba husomeka kwa shida na alama nyekundu za hatari hupotea ndani yake. Bluu iwe ya mtu anayeendesha mjini, penye taa za barabarani, na hata huyo aifanye hafifu.

Kuna gharama ambayo wengi hawaihesabu. Dashibodi ikishakuwa nyeupe, swichi za kiyoyozi, redio, saa na vitufe vya madirisha vitabaki kijani. Kila kimoja kina balbu yake, nyingi ni ndogo kuliko T5, na vitufe vya milango mara nyingi vimelehemiwa. Kuvifuata vyote kunaweza kuzidi gharama ya dashibodi yenyewe. Amua mapema kama utavumilia mchanganyiko huo, au chagua rangi inayokaribiana na ya zamani. Na kama gari lako ni jipya zaidi, soma kwanza kitabu chake: Ford Mustang ya 2005 tayari ilikuwa na chaguo la rangi 125 kwa kubonyeza tu, na magari yenye dashibodi ya skrini aghalabu yana mipangilio yake.

Taa za tahadhari usizibadili. Nyekundu ya oili na breki, njano ya injini, bluu ya taa ndefu zina maana moja kwa kila dereva, pamoja na yule utakayemwazima gari. Taa ya chaji ina sababu ya ziada: katika magari mengi ya zamani, umeme wa kuiamsha alternata hupita kwenye balbu hiyohiyo. LED hupitisha umeme kidogo mno, na alternata inaweza kuchelewa au kukataa kuchaji. Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, washa swichi bila kuwasha injini na uhesabu alama zote za tahadhari zikiwaka. Kisha washa injini, uone zinazimika zote, na pima betri: injini ikizunguka inapaswa kusoma takriban volti 14.