Karo la Nyumbani na Haki ya Jirani

Mtoto wa Kiislamu aingiapo chuoni, kabla hajahitimu juzuu ya kwanza, hufundishwa adabu za chooni: mguu upi utangulie, maji yatumiwe vipi, na ni mahali gani palipokatazwa mtu kujisaidia. Lakini funzo letu aghalabu hukoma hapo mtu amwagapo maji akafunga mlango. Kilichokwenda chini ya ardhi twakisahau. Makala haya yahusu hicho kilichosahauliwa.

Hapa petu Igamba, kama kwingineko katika Wilaya ya Mbozi, mtu akijenga nyumba yenye choo cha kumwaga maji, hulichimba karo, akalijengea, akalifunika, kisha akahesabu kuwa kazi imekwisha. Sivyo. Karo hufanya kazi usiku na mchana, nalo lina matunzo yake.

Uchafu uingiapo karoni hugawanyika matabaka matatu. Vizito huzama vikawa tope. Mafuta na vyepesi huelea vikawa utando. Na katikati hubaki maji, ambayo hupita katika bomba hata shimo la pili yakanywewa na udongo. Vijidudu visivyohitaji hewa hula sehemu ya lile tope, lakini havilimalizi, nalo huzidi polepole. Siku lifikapo kwenye mdomo wa bomba, hutoka pamoja na maji, likaziba udongo wa shimo la pili. Hapo uchafu hutafuta njia nyingine: hurudi chooni, au hufumka uani, au huenda kisimani kwa jirani.

Na hapa ndipo penye jambo zito. Wanafunzi wa fiqhi wazijua alama tatu za maji yaliyobadilishwa na najisi: rangi, ladha na harufu. Alama hizo hutumika katika hukumu ya tohara. Ama vijidudu vya maradhi, vyaweza kuwamo majini pasiwe na alama hata moja. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street mjini London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600. Maji ya kisima cha mtaa huo yalisifiwa sana, hata bibi mmoja aliyehamia mbali alikuwa akiletewa, naye akafa. Daktari John Snow alionyesha ya kwamba maradhi yalitoka kisimani humo. Walipofukua baadaye, walikuta shimo la uchafu la nyumba iliyo kando, kuta zake zimechakaa, nalo halikufika mita moja kutoka kisimani. Humo ndimo yalimomwagwa maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mgonjwa.

Wala si habari ya zamani na ya mbali tu. Zambia, ambayo twapakana nayo pale Tunduma, iliingiwa na kipindupindu Oktoba 2023, na kabla hakijatulia mwaka 2024 kilikuwa kimeua watu zaidi ya 700. Wengi wao walikuwa wa Lusaka, ambako kuna mitaa yenye vyoo vya shimo na visima vifupi vilivyokaribiana.

Basi yampasa nini mwenye nyumba? Kwanza, karo na shimo lake viwe mbali na kisima, chake na cha jirani, si chini ya mita 30, tena upande wa bondeni. Pili, visitiwe chooni mafuta ya kupikia, matambara, nepi, plastiki, wala dawa kali kwa wingi, kwani dawa hizo huua vile vijidudu vifanyavyo kazi. Tatu, maji ya mvua ya paa yasielekezwe karoni. Nne, kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba, kifunuliwe kifuniko, litumbukizwe fimbo refu lililofungwa kitambaa cheupe, lipimwe tope. Likifika theluthi ya kina, wakati wa kunyonya umewadia. Kwa nyumba nyingi ni baina ya miaka 3 na 5. Gari la kunyonya likiwa ghali, majirani washirikiane kuliita siku moja.

Tena twaonya kwa mkazo: mtu asiingie karoni kabisa, hata likionekana tupu. Mna hewa yenye sumu, ambayo humwangusha aliyeingia, na humwangusha vilevile amfuataye kumwokoa.

Wako wangojao mvua kubwa wakafungulia karo usiku, uchafu uchukuliwe na mkondo. Mkondo huo hupita penye mlango wa mtu, au penye bustani yake ya mboga. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kujisaidia njiani na katika maji yaliyotuama. Je, atendaye hayo kwa uchafu wa mwaka mzima atajitetea vipi?

Enyi vijana, fimbo na kitambaa havina gharama. Muulizeni baba leo: karo letu lilinyonywa lini?

Wabillahi tawfiq.