Safari ya AFCON 2027: Kuketi Kwanza na Kuhesabu Gharama



Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) liliyapa mataifa ya Kenya, Uganda na Tanzania heshima ya kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Ombi la nchi hizi tatu liliitwa “Pamoja”, na jina hilo limekaa. Fainali hizo hazijawahi kuandaliwa na nchi tatu, wala hazijafika katika ukanda wetu tangu Ethiopia ilipozipokea mwaka 1976. Wengi wa waamini wetu walikuwa hawajazaliwa. Hatushangai basi kusikia, baada ya Misa na katika jumuiya ndogondogo, vijana wa Masumbwe wakiulizana nani atakwenda, kwa njia gani na kwa fedha ipi. Maswali hayo yanatufikia hata sisi mapadre, na tumeona ni vema tuyajibu kwa maandishi.

Wapo kwanza wanaouliza kama inampasa Mkristo kutumia fedha na siku zake kwa ajili ya mpira. Jibu ni fupi. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kutumia mfano wa wakimbiaji uwanjani. Mtakatifu Yohane Paulo II alidaka mpira langoni alipokuwa kijana, na tarehe 29 Oktoba 2000 aliadhimisha Jubilei ya wanamichezo katika Uwanja wa Olimpiki wa Roma. Papa Fransisko hakuficha mapenzi yake kwa San Lorenzo, klabu ya kwao Buenos Aires. Mwaka 2018 Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Uhai lilitoa waraka mzima juu ya michezo na maisha ya Kikristo. Kwenda kushangilia timu ya taifa si kosa. Kinachoamua wema wa safari hiyo ni namna inavyoandaliwa, na nani analipa gharama zake.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu kama anacho cha kuumaliza. Basi na sisi tuketi.

La kwanza ni kujua tunakwenda wapi. Masikio yetu yamezoea kusikia “Uwanja wa Mkapa”, kwa hiyo wengi wanadhani safari ni ya Dar es Salaam tu. Kutoka Masumbwe hadi Dar es Salaam, kwa kupitia Kahama, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya kilomita 1,000. Arusha, ambako uwanja mpya umekusudiwa kwa ajili ya mashindano haya, ni karibu zaidi: ukifika Singida unageukia Babati. Na hata Kampala, kwa barabara ya Ushirombo, Lusahunga, Biharamulo, Bukoba na mpaka wa Mutukula, iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Ramani ya shabiki wa Masumbwe si ile ya shabiki wa Morogoro. Anayetaka tu kuonja fainali za Afrika, bila kujali timu zinazocheza, huenda akatumia kidogo zaidi akienda kaskazini. Anayetaka kuwaona Taifa Stars hana budi kusubiri makundi na vituo vitangazwe, na asinunue chochote kabla ya hapo.

Kwa wanaokwenda Dar es Salaam, reli ya kisasa imebadili mambo. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam, na treni ya haraka hutumia saa chache tu. Mtu anaweza kupanda basi hadi Dodoma, akapumzika usiku mmoja, kisha akamaliza safari kwa treni badala ya kukaa kwenye kiti kimoja mchana na usiku. Tunawashauri hivyo hasa wazee na wenye watoto. Anayeendelea na basi atashukia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho kiko mbali na uwanja. Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke, jirani na Uwanja wa Uhuru. Safari kati ya pande hizo mbili za jiji inaweza kula nusu ya siku. Anayefika asubuhi ya mchezo akiwa na begi mgongoni amechelewa tayari.

Kwa wanaovuka mpaka, kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi. Inahitajika pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Uganda hudai pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo ni lazima ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Ikichomwa mara moja inatosha maisha yote. Walio na cheti cha zamani wakitafute sandukuni.

Kuna wanaoliona jambo hili kuwa kubwa kupita uwezo wa watu wa kijijini. Hao tunawakumbusha Namugongo. Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, mahujaji kutoka majimbo mengi ya Tanzania huvuka Mutukula kwenda kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Wengi wao ni wakulima. Wanawezaje? Wana kamati, wana mweka hazina anayetoa risiti, wana basi moja lililokodiwa mapema, wana daftari la majina, na michango huanza miezi mingi kabla. Uwanja wa Mandela wa Namboole hauko mbali na Namugongo. Kikundi kitakachopangiwa Kampala kinaweza kusali kwenye madhabahu ya mashahidi na kuona mpira katika safari hiyohiyo. VIWAWA na UWAKA wanajua kuandaa hija. Watumie ujuzi huohuo.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa hatuna budi kukaa kidogo.

Eneo letu lina vipato vya aina mbili. Mkulima wa mpunga, mahindi, pamba au tumbaku anajua majira yake. Mchimbaji mdogo hajui. Duara linaweza kukaa kimya miezi sita, kisha juma moja likatoa mawe yanayobeba gramu za kutosha kujenga nyumba. Dhahabu haina kalenda, na ndiyo maana fedha yake huondoka kama ilivyokuja. Tumeona mara nyingi mtu akitoka mwaloni Ijumaa na fedha nyingi, na Jumatatu akikopa nauli. Kwa mtu wa namna hiyo kusema “nikipata nitakwenda” si mpango. Mpango ni kuweka akiba katika kikundi, VICOBA au chama cha akiba, kiasi ambacho hata juma baya linakimudu. Shilingi 5,000 kwa juma, kwa majuma 52, ni shilingi 260,000. Si fedha ya kukufanya uwe mfalme Dar es Salaam, lakini ni mwanzo wa kweli, na haikuondolea mtoto daftari.

Kipimo tunachotoa ni hiki: fedha ya safari iwe imebaki baada ya ada, bima ya afya, chakula cha nyumbani hadi mavuno na madeni. Asiuzwe ng'ombe wa familia. Isiwekwe rehani pampu ya maji ya duara ambayo ni riziki ya watu wanane. Na mume asipange safari hii kwa siri. Mke aliyepalilia shamba lile lile ana haki ya kujua fedha ya mavuno imekwenda wapi, na pengine naye angependa kwenda; hatujaona mahali Kanisa lilipofundisha kwamba mpira ni wa wanaume.

Wengine wanatumaini kwamba nauli italipwa na mkeka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2413, haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi kwa asili yake. Inasema mchezo huo haukubaliki kimaadili pale unapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba shauku ya kucheza inaweza kuwa utumwa. Sisi tunaosikiliza familia tunaongeza neno moja: kampuni ya kubashiri haifunguliwi ili iwapeleke wateja wake uwanjani. Aliyeanza na shilingi 500 akitafuta nauli, akafika kwenye ada ya mtoto, hakuwa mjinga. Alikuwa amenaswa, na anahitaji msaada kuliko karipio.

Tiketi nazo zina somo lake. Mwezi Agosti 2025 nchi zetu tatu ziliandaa CHAN. Taifa Stars walifungua kwa kuifunga Burkina Faso 2–0 pale Mkapa tarehe 2 Agosti, wakaongoza kundi lao, wakatolewa na Moroko kwa bao 1–0 katika robo fainali. Huko Nairobi, baada ya watu kuvamia milango ya Kasarani, CAF ililazimisha mashabiki wasiozidi 27,000 na tiketi za kielektroniki pekee. Katika AFCON ya Moroko, iliyoanza Desemba 2025, shabiki alitakiwa kwanza kujisajili kwa programu ya simu iitwayo Yalla na kupata kitambulisho cha shabiki, ndipo anunue tiketi. Mwelekeo ni huo. Tiketi ya karatasi inayouzwa na kijana mwenye maneno matamu nje ya stendi inaweza kuwa karatasi tu. Wasio na simu janja wasaidiwe na mtu mmoja anayeaminika katika kikundi, na fedha itumwe kwenye njia rasmi, si kwenye namba ya mtu binafsi.

Juu ya malazi, wengi watakwenda kwa ndugu. Ni desturi njema, lakini ndugu wa Dar es Salaam mara nyingi ana chumba kimoja na sebule, na nauli ya kazini anaihesabu kila asubuhi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna shamba, basi beba mchele wa kwenu na umwambie siku ya kuondoka kabla hujafika. Vikundi vinaweza kuulizia nafasi katika nyumba za Kanisa, kama Kituo cha Msimbazi, mapema sana, vikiwa na barua ya utambulisho kutoka parokiani.

Jambo linalofuata tunalisema kwa wazazi. Miji inapojiandaa kupokea wageni wengi, hujitokeza watu vijijini wakitafuta mabinti wa “kazi ya hoteli” au “kazi za ndani”, nauli wanalipa wao. Hapo ndipo mtego ulipo. Binti anafika, simu inachukuliwa, deni la nauli linatajwa, na kazi inageuka kuwa nyingine. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inaliita jambo hili kosa la jinai, na Kanisa huwaombea waathirika wake kila tarehe 8 Februari, siku ya Mtakatifu Josefina Bakhita, binti wa Sudan aliyeibwa na kuuzwa utotoni. Mzazi asikubali safari ya mwanawe bila jina kamili la mwajiri, mahali pa kazi na mtu wa kanisa au wa serikali ya mtaa huko anayeweza kuthibitisha. Mwajiri mwema hatakasirika akiulizwa.

Uwanjani penyewe, hatari kubwa si mashabiki wa timu pinzani bali msongamano wa mlangoni. Tarehe 24 Januari 2022, katika uwanja wa Olembe huko Yaoundé, watu 8 walikufa kwa kukanyagana wakiingia kuona mchezo wa Kameruni na Komoro. Tarehe 28 Mei 2023, kwetu hapa, mtu mmoja alipoteza maisha katika msongamano wa Uwanja wa Mkapa siku Yanga ilipocheza fainali na USM Alger. Fika saa kadhaa kabla. Ukiona mlango umejaa na watu wanasukumana, rudi nyuma ungali unaweza. Hakuna bao linalostahili uhai. Wenye watoto wakumbuke kwamba hata Maria na Yosefu, watu makini kuliko sisi, walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo msafarani. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba mbili za simu, na kila mkubwa ajue mtoto yupi ni wake wa kumwangalia.

Mwisho ni Misa. Michezo mingine itaangukia Dominika. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inasema anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu, kwa hiyo Misa ya Jumamosi jioni, popote inapoadhimishwa kwa madhehebu ya Kikatoliki, inatosha. Atakayekuwa barabarani Dominika nzima aonane na paroko wake kabla ya kuondoka, kwa kuwa kanuni ya 1245 inampa paroko uwezo wa kutoa ruhusa kwa sababu ya haki. Jijini Dar es Salaam parokia nyingi zina Misa zaidi ya moja kila Dominika, kuanzia alfajiri. Kiongozi wa kikundi aulize saa kwa simu kabla ya safari, aiandike kwenye daftari lile lile lenye namba ya basi, majina ya wasafiri na mahali pa kulala, na nakala moja aiache ofisi ya parokia.