Subira ya Mpigaji: Max O'Dowd katika Ardhi ya Texas

Msomaji akaaye Mesquite, mji ulio mashariki ya Dallas na wenye sifa ya mashindano ya wapanda farasi na mafahali tangu 1958, huenda akastaajabu kuambiwa kwamba magharibi ya jiji hilo, huko Grand Prairie, uwanja uliokuwa wa besiboli uligeuzwa kuwa wa kriketi na kufunguliwa Julai 2023, na kwamba tarehe 4 Juni 2024 Uholanzi ilipambana humo na Nepal katika Kombe la Dunia la ova 20, ova moja ikiwa ni mipira sita. Wanepali, waliofanya maskani kwa wingi katika vitongoji vile, walifurika hata Waholanzi wakawa wageni kwelikweli.

Nepal walitolewa wote kwa mikimbio 106. Asiyeujua mchezo atadhani hesabu hiyo ni sahali kwa Waholanzi kuipita. Walakini hesabu ndogo ina hila yake, kwani humshawishi mpigaji afanye pupa, naye akitolewa harejei tena. Kazi ya mpigaji wa kufungua, ambayo ndiyo ya Max O'Dowd wa Uholanzi, ni kuupokea mpira ungali mpya, mgumu na mwepesi wa kupinda hewani, akapambanua kwa nukta moja tu upi wa kupigwa na upi wa kuachwa. Siku ile alisimama hadi tamati, akapata 54 kwa mipira 48, ilhali wenzake wanne walikwisha kutolewa.

O'Dowd alizaliwa Auckland, New Zealand, mwaka 1994. Aprili 2021, huko Kirtipur, katika nchi ya Nepal yenyewe, aliwapiga Malaysia 133 bila kutolewa, akawa mwanamume wa kwanza wa Uholanzi kufikisha mia katika kriketi ya kimataifa ya ova 20. Na Juni 2025, mjini Dundee, 158 zake ziliiwezesha Uholanzi kuipita hesabu ya Scotland ya 369, jambo adimu mno. Wengi huzitukuza hizo mbili. Mimi, kwa insafu, naitanguliza ile 54, maana siku ile mpira haukumtii mpigaji yeyote.

Ukijaliwa kufika Grand Prairie, ewe msomaji, mtazame mpigaji wa kufungua katika ova sita za mwanzo, hasa ile mipira anayoiacha ipite.