Tundu la Kamera na Hasara ya Harusini

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia kutoka Bagamoyo, kamera mkononi, uso kama wa mfiwa. "Mjomba," akasema, "nimeuziwa lenzi mbovu."

Kijana huyu anakula kwa kupiga picha za harusi. Alijinyima miezi kadhaa akanunua zumu, ile lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, inayofika milimita 300. Usiku wa harusi akasimama nyuma kabisa ya ukumbi, akamvuta bibi harusi mpaka akajaa, akapiga. Picha nyingine zikatoka giza, nyingine kama zimepigwa ndani ya daladala inayokimbia. Wenye shughuli wakakataa kummalizia malipo.

Niliishika lenzi, nikamsomea maandishi ya kwenye ukingo wake: 1:4–5.6. Lenzi haikuwa mbovu. Ilisema ukweli wake tangu dukani, ila hakuna aliyeisoma.

Ndani ya lenzi mna tundu la kupitisha mwanga, linalopanuka na kubana kama mboni ya jicho. Wengi wetu hudhani namba zile ni upana wa tundu. Sivyo. Ni hesabu ya kugawanya. Unachukua urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale mwanga wa kitu cha mbali unapokutana na kufanya picha, unagawanya kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 ni namba 2. Tundu lile lile, bila kupungua hata unywele, likiwa kwenye lenzi ya milimita 200, namba yake ni 8.

Kwa nini tuhangaike na kugawanya? Kwa sababu lenzi ndefu mara nne humchora bibi harusi mrefu mara nne na mpana mara nne. Mwanga wake ulioingia tunduni ni ule ule, lakini sasa umetandazwa kwenye eneo kubwa mara 16. Ni kijiko kimoja cha siagi kupakwa kwenye mikate 16!

Ukitaka lenzi hiyo ya 200 irudi namba 2, tundu liwe milimita 100. Ndiyo maana wapiga picha wa michezo pale Uwanja wa Benjamin Mkapa hubeba malenzi kama mizinga. Lenzi ya milimita 400 yenye namba 2.8 inadai tundu la milimita 143, na bei yake, mama yangu, unapata gari kuukuu.

Zumu ya mpwa wangu ikivutwa hadi 300 inabaki na 5.6. Lenzi yake ndogo ya zamani, ya milimita 50 na namba 1.8, huleta mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwa uhaba ule, kamera ililazimika kukaa wazi muda mrefu, na lenzi ndefu hukuza kila mtikisiko wa mkono.

Sasa zumu anaipeleka ufukweni mchana, kupiga majahazi yakiingia. Harusi za usiku anafunga ile ndogo, anamwomba ruhusa mama wa bibi harusi, anasogea hadi chini ya jukwaa. Fedha za harusi ile ya kwanza bado anazidai.