Mashine ya Kukoboa ya Mtumba, Kidhibiti Kipya: Kagua Kabla Hujalipa



Siku hizi swali linalonijia sana si la mbegu wala mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, tumepata mashine ya kukoboa mpunga ya mtumba, bei poa. Tukiifunga mfumo wa kompyuta si itakuwa kama mpya?"

Inawezekana, ila inategemea unanunua nini. Vikundi vingi vinategemea mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambapo fungu la vijana ni asilimia 4. Mkopo hauna riba, sawa, lakini marejesho yako palepale. Mashine iliyolala hairejeshi mkopo.

1. Inakoboaje?

Kuna mashine za silinda ya chuma, na kuna za rola mbili za mpira. Kwenye za mpira, rola moja inazunguka haraka kuliko mwenzake, ndiyo maana ganda linachunika bila kuiumiza punje. Ya chuma inasugua kila kitu kwa pamoja, chenga zinakuwa nyingi.

Piga hesabu. Kwenye kilo 100 za mpunga, ya chuma hutoa mchele kama kilo 53 hadi 55. Ya mpira ikiwa nzima hufika 65 na zaidi. Ukikoboa magunia 40 ya kilo 100 kwa siku, tofauti ya kilo 10 kwa gunia ni kilo 400 za mchele. Hakuna kompyuta itakayokurudishia hizo. Kama ni ya chuma, achana nayo.

2. Chuma kwanza, umeme baadaye

Zima mashine, toa mkanda, zungusha puli kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza pembeni, beringi au shafti imekwisha. Angalia rola zimelika kiasi gani, na uulize mpya zinapatikana wapi. Kisha mwambie muuzaji akoboe gunia moja la mpunga WAKO, uliokauka vizuri (unyevu kama asilimia 14), wewe ukiwa umesimama pale na mizani. Akikataa, umeshapata jibu.

3. Soma kibati cha mota

Hapa wengi ndipo wanaumia. Mashine nyingi za mtumba zinatoka Japani, na umeme wa njia tatu wa kule ni volti 200. Wetu ni volti 400. Ukiunganisha moja kwa moja, mota inaungua. Angalia pia hezi: yetu ni 50. Mota ya hezi 60 ikiletwa huku inapungua kasi kwa sehemu moja ya sita.

4. Kidhibiti kinasaidia nini?

Kifaa cha msingi kinaitwa inveta. Kinabadilisha hezi, kwa hiyo unapanga kasi ya mota unavyotaka. Mota ya kilowati 7.5 inatumia kama ampea 15 ikiwa kazini, lakini ukiiwasha moja kwa moja inaweza kuvuta mara 6 ya hapo, yaani ampea 90. Inveta inaiwasha polepole: mkanda unapona, na taa za jirani hazizimiki.

Kwa mota ndogo, kama kilowati 2.2, zipo inveta zinazopokea umeme wa njia moja na kutoa wa njia tatu wa volti 200. Kwa mwenye mashine ya Kijapani na hajavutiwa njia tatu, huo ni mkombozi.

Ukitaka kwenda mbali, unaongeza kompyuta ndogo ya kiwandani inayosoma ampea za mota. Ampea zikipanda, inabana mlango wa mpunga, zikishuka, inaufungua. Mashine haizidiwi, na huhitaji mtu wa kushika mlango kutwa nzima.

Ila usidanganywe kwamba bili itashuka nusu. Kwenye kukoboa, akiba ni ndogo. Akiba ya kweli iko kwenye feni ya kupepeta: ukipunguza kasi yake kwa asilimia 20, nguvu inayotumia inashuka karibu nusu.

5. Vumbi na joto

Vumbi la pumba linaua vifaa vya elektroniki. Weka inveta kwenye kabati linalofungwa vizuri, nje ya chumba cha kukobolea, pasipopigwa na jua. Usiendeshe mota kwa kasi ndogo sana muda mrefu: feni yake iko kwenye shafti yake mwenyewe, ikizunguka taratibu mota inachemka. Fundi wa kufunga awe na leseni ya EWURA.

Hesabu ya mwisho

Jumlisha bei ya mashine, usafiri, rola, beringi, inveta na fundi. Ikikaribia bei ya mpya yenye dhamana, nunua mpya. Ikibaki chini sana, na chuma ni kizima, chukua ya mtumba. Anza na inveta tu, koboa msimu mmoja, kompyuta ifuate kwa faida.

Kabla ya kulipa, piga picha ya kibati cha mota uniletee ofisini tuisome pamoja. Ni dakika tano tu, ndugu zangu.